Nusu Mita Juu ya Ardhi

Zamani ofisi ikitaka kuwafurahisha wafanyakazi wake ilichinja mbuzi. Siku hizi inawapandisha juu ya waya. Kuanzia Naivasha hadi Sagana, mwisho wa wiki utakuta mabasi yameegeshwa chini ya miti, na watu wazima waliovaa fulana za rangi moja wakihesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ya kutisha ndege. Ni wahasibu, wauguzi, walimu, maofisa wa kaunti. Waulize wamefuata nini, watakujibu kwamba wamekuja kujenga timu.

Timu yetu ni ya chama cha akiba na mikopo chenye makao Mombasa na matawi machache huko na huko mwambaoni. Mimi niko upande wa mikopo. Tangazo lilipobandikwa kwamba mwaka huu hatutakwenda kulala hoteli ya Diani kama ilivyozoeleka, bali tutapelekwa Sagana kwenye kambi ya kamba, minong'ono ilijaa hadi jikoni. Kina dada wa kaunta walitaka kujua kama dera litaruhusiwa. Ami, dereva wetu mkongwe, alitaka kujua samaki wa huko wanavuliwa bahari gani. Meneja alijibu swali la dera peke yake.

Tulipanda treni Miritini asubuhi. Madaraka Express ilipozinduliwa, mwisho wa Mei 2017, watu walipanda ili wasimulie tu kuwa wamepanda. Sasa imekuwa usafiri kama usafiri mwingine, na abiria wengi hulala kabla ya Mariakani. Walio macho waliona tembo wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la udongo wao, wamesimama mbali na tuta la reli. Mimi nilikuwa nikitazama ndani ya behewa. Tulikuwa tumepewa tiketi bila mpangilio wowote, lakini kufika Voi watu walikuwa wamebadilishana viti na kujipanga wenyewe: mikopo na mikopo, kaunta na kaunta, vijana wa kompyuta nyuma kabisa na spika yao ndogo. Mkaguzi wa ndani, ambaye sote tunamwita Bi Mkaguzi hata nje ya kazi, alikaa na mkoba wake. Meneja alipita mara moja, akatabasamu kwa kila upande, akarudi kwenye simu.

Ya kutoka Syokimau hadi Sagana hayana mengi. Ni barabara pana ya Thika, kisha mashamba ya mananasi yasiyoisha, kisha Kenol ambapo kila dereva husimama hata kama hana haja, kisha mteremko wa kuingia Kirinyaga jua likizama. Watu wa bara wanasema Sagana kuna joto. Sisi tulishuka kwenye basi tumejifunika makoti.

Kambi iko ukingoni mwa mto, na mto wenyewe ulistahili kusimuliwa kuliko tulivyoupa nafasi. Hapo wanauita Sagana. Ukiteremka zaidi ndio Tana, ule ule unaokata nchi yapata kilomita elfu moja na kumwaga maji yake Kipini. Mwenzetu wa tawi la Garsen, Mpokomo aliyezaliwa kando ya Tana, hakungoja kuonyeshwa chumba. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini akasimama pale na mikono kiunoni. Kwao maji haya ni mapana, mekundu na ya uvivu. Hapa yalikuwa yakirukaruka juu ya mawe, baridi kama ya friji. Nikamtania kwamba aandike barua ayape yampelekee nyumbani. "Yatachelewa," akasema. "Lazima kwanza yapite Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yazungushe umeme wa Nairobi." Aliyataja mabwawa yote matano kwa mpangilio wake, bila kukosea, kwa sauti ya mtu anayetaja wadeni wake.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki, ngege mzima aliyekaangwa akakauka vizuri, maana Sagana inasifika kwa samaki kama Thika kwa mananasi. Ami alimla hadi mifupa, akanawa, kisha akatoa hukumu: "Samaki mzuri, lakini hakuzaliwa na chumvi."

Asubuhi ndipo tulipouona uwanja wenyewe. Nguzo ndefu za mkalitusi, za aina ile ile inayobeba nyaya za umeme vijijini, zimesimikwa kwa safu, na kati yake zimevutwa nyaya za chuma, magogo yaning'iniayo, vyandarua vya kamba, vipande vya mbao. Upande mmoja vyote viko juu, mita kumi na zaidi, kiasi cha kukunja shingo ukivitazama. Upande wa pili, chini ya kivuli, kuna vitu vya kama nusu mita kutoka ardhini ambavyo ukipita haraka utadhani ni vya watoto. Wote tulitazama juu. Simu zikatoka mifukoni.

Mwezeshaji wetu alikuwa binti wa huko huko Kirinyaga, mfupi, mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi. Alitukalisha kwenye nyasi na kutugawia vifaa: helmeti, mkanda wa kiunoni wenye vitanzi viwili vya mapajani, na karabina, ile pingu ya chuma yenye lango la kufunga kwa skrubu. Nilipoigeuza yangu niliona imechongwa tarakimu ubavuni. Mshale wa urefu, 22. Mshale wa upana, 7. Alama ya lango lililo wazi, 7 tena. Hizo ni kilonyutoni. Ikivutwa kwa urefu, lango likiwa limefungwa, inahimili mvuto wa zaidi ya tani mbili. Ikilala ubavu, au lango likisahauliwa wazi, nguvu yake inaporomoka hadi theluthi, na chuma ni kile kile. Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi na sijaona mdhamini anayetembea na masharti yake yameandikwa mwilini kwa uwazi namna hiyo.

Dera lilikuwa limeruhusiwa kwa sharti la suruali chini yake. Tatizo ni kwamba vitanzi vya mapajani vikikazwa, dera lote hupanda na kujikusanya tumboni, na wenyewe waliovaa walichekana hadi machozi yakawatoka. Wawili walikwenda kubadili. Wa tatu alifunga leso juu ya mkanda na kutangaza kwamba hivyo ndivyo atakavyopanda. Mwezeshaji aliikagua ile leso kwa makini kama anavyokagua kamba, akaomba kwa adabu ifunguliwe, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa kwenye kifaa cha kushushia mtu. "Mama, uzuri wako nitakutunzia mimi," akasema, akaikunja na kuiweka mfukoni mwake.

Kisha akafungua daftari. Nilidhani ni mahudhurio, kumbe ni la ukaguzi: kila kamba ina namba, tarehe ya kununuliwa, tarehe za kutumika, na tarehe itakayostaafishwa hata kama macho hayaoni kasoro. Kamba ina umri. Jua huila, mchanga huikata kwa ndani, na iliyowahi kupokea mshtuko mkubwa hutolewa kazini moja kwa moja. Ulaya kuna kiwango maalumu cha viwanja hivi, EN 15567, na Marekani wajenzi wake waliunda chama chao cha kitaaluma mwaka 1993. Kambini kwetu nilichokiona ni lile daftari, na Bi Mkaguzi akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, wenzake wakimngoja na helmeti zao vichwani. Alipolifunga alitikisa kichwa kukubali. Sijawahi kumwona akifanya hivyo ofisini.

Michezo hii ina asili ya baharini, jambo ambalo lilimfurahisha sana Ami mwezeshaji alipoligusia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Georges Hébert, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alikuwa akiwafunza mabaharia wake kwa kuwapitisha juu ya magogo, kuta na kamba. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekuwa amefungwa na utawala wa Hitler kisha akahamia Uingereza, alishirikiana na Lawrence Holt, tajiri wa meli za Blue Funnel za Liverpool, kufungua shule iliyoitwa Outward Bound huko Aberdovey, pwani ya Wales. Holt alikuwa na jambo lililomkera. Meli zake zilipozamishwa na manowari za Wajerumani, aliamini kwamba vijana wenye misuli ndio waliokuwa wakikata tamaa mapema kwenye maboti ya kuokolea, ilhali wazee waliokulia kwenye meli za matanga walishikilia uhai. Alitaka vijana wafundishwe kile ambacho tanga lilikuwa limewafundisha wazee.

Baada ya vita shule hiyo ilizaa nyingine. Katika miaka ya 1950 ilifika kwetu, Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya. Mwaka 1962 ilianza Colorado, Marekani. Na mwaka 1971, katika shule ya sekondari ya Hamilton-Wenham, Massachusetts, walimu wenye fikra hizo hizo walianzisha Project Adventure na kuzitoa kamba milimani wakazileta nyuma ya darasa, zitumike kwenye vipindi vya kawaida. Hapo ndipo wazo lilipobadilika. Baharia wa Holt alifunzwa ili asife. Mwanafunzi wa Massachusetts alifunzwa ili aishi na wenzake darasani, na ofisi zikaona kwamba hilo hata wao wanalihitaji.

Ami ni mtu wa tanga. Kabla ya kushika usukani wa gari alikuwa baharia wa jahazi, akibeba boriti za Lamu, na hadi leo akikuelekeza njia ya Kilifi huanza na upepo unavumaje. Mwezeshaji alipoonyesha fundo la nane, Ami alilifunga lake huku akitazama kando. Kwa hesabu za Holt, huyu ndiye mtu wa kwanza kuajiriwa. Ngoja uone.

Mchezo wa kwanza wa chini ulikuwa utando: kamba zimesukwa kati ya nguzo mbili zikaacha matundu makubwa na madogo, mengine usawa wa goti, mengine juu ya bega. Watu wote wapite upande wa pili bila kugusa kamba. Tundu likishatumika limefungwa. Kengele ndogo imefungwa pembeni, ikilia mnaanza upya.

Hatukujua nani alimpa Ami amri, lakini aliishika. "Shika huko! Legeza! We mnene, pita chini! Binti, kaza miguu!" Alikuwa anapandisha foromali, si kupitisha wahasibu kwenye matundu. Watu walitii kwa sababu alikuwa na umri, alikuwa na sauti, na alikuwa anajua kamba. Kengele ikalia. Akabadilisha watu, akaongeza sauti, kengele ikalia tena. Aliyeitwa mnene alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna hainuliki vizuri.

Mwezeshaji akapuliza filimbi. "Mzee wangu, pole, umepatwa na koo. Kuanzia sasa huna sauti hadi mchezo uishe."

Ami alifungua mdomo. Binti akaweka kidole chake mdomoni. Ami akafunga.

Kilichofuata kilikuwa kimya kibaya kuliko kelele. Sote tulimgeukia meneja. Meneja, ambaye nadhani amesoma mahali kwamba kiongozi bora ni yule anayesikiliza, alikuwa amekunja mikono akitusikiliza, nasi hatusemi kitu. Halafu tukasema wote kwa pamoja. Halafu hatukusema tena. Ndipo Bi Mkaguzi, aliyekuwa nyuma, akauliza: "Wa mwisho ni nani, na atainuliwa na nani?"

Swali lilikuwa kiini cha fumbo zima. Tulikuwa tukifikiria nani aanze, na kila tuliyemfikiria alikuwa mwenye nguvu; tungewapitisha wenye nguvu wote, upande huu wangebaki wanyonge wasio na wa kuwanyanyua. Mkaguzi huanza kusoma hesabu kutoka mwisho. Tukapanga upya kwa kurudi nyuma: wa mwisho awe mwembamba anayeweza kupenya tundu la chini peke yake, wa kabla yake hivyo hivyo, wenye nguvu wagawanywe pande zote mbili, matundu ya juu yahifadhiwe kwa wepesi wanaoweza kubebwa wamelala. Mwepesi kuliko wote alikuwa dada mmoja wa kaunta. Mikono kama kumi ilimnyanyua, ikamnyoosha, ikampitisha kwenye tundu la juu kabisa kama mkeka unaoingizwa dirishani, na upande wa pili mikono mingine ikampokea. Kengele haikulia. Tulipiga makofi hadi watu wa basi jingine wakaja kutazama. Yeye alisimama akirekebisha ushungi wake. Hakupiga makofi, na wakati ule hakuna aliyelijali hilo.

Kisha zile nyaya mbili. Kwa macho yangu hakuna kitu bora zaidi kwenye uwanja wote, na ni kitu rahisi ajabu: nyaya mbili za chuma zinaanzia kwenye nguzo moja, zinaachana kidogo kidogo kama herufi V mpaka zinafika kwenye nguzo mbili zilizo mbali, nusu mita kutoka ardhini urefu wote. Watu wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja na waya wake, viganja kwa viganja, wanatembea ubavu-ubavu. Chini yao wenzao wanainama migongo ikiwa imenyooka, tayari kuwadaka. Sheria moja haina mjadala: vidole visifumbatane. Mkianguka mmefumbatana, vidole ndivyo vinavyovunjika. Viganja viwe bapa, vibonyezane tu.

Mwezeshaji aliwapanga watu wawili wawili kwa kutazama, na sijui alitazama nini, kwa maana alinipa Bi Mkaguzi.

Niseme hali ilivyo. Idara ya mikopo inataka mkopo utoke. Idara ya ukaguzi inataka sababu ya kutoka kwake. Faili zangu hurudi na wino mwekundu, nyingine kwa sahihi iliyopinda. Hatujagombana hata siku moja. Tunasalimiana shikamoo na marahaba, yeye akiwa amenitangulia kwa umri, na maneno yetu huishia hapo.

Hatua za mwanzo ni za bure, nyaya zikiwa karibu unasimama karibu wima. Baadaye pengo linapanuka, na mwili unataka kufanya kile ambacho mwili hufanya: unakunja kiuno, unarudisha makalio nyuma, unajibakizia uzito wako ili ukidondoka udondokee miguu yako. Nilifanya hivyo. Waya ukaanza kutetemeka chini yangu, na wake pia.

"Nipe uzito," akasema Bi Mkaguzi. Kofia ilikuwa imemshuka hadi kwenye nyusi. "Unanipa mikono tu."

Ukweli wa mchezo ndio huo, na ni fizikia tupu. Nikijibakizia uzito wangu, yeye hana cha kuegemea. Anayejilinda anamwangusha mwenzake kwanza, halafu anaanguka mwenyewe. Lazima ujinyooshe kama ubao na kumwegemea mtu mzimamzima, na kadiri nyaya zinavyoachana ndivyo unavyolala zaidi, mpaka mnafanana na paa la makuti. Nilijinyoosha. Waya ukatulia. Tulikwenda hivyo, ananitazama machoni kwa sababu hakuna pengine pa kutazama, nikiona jasho kwenye mdomo wake wa juu na vumbi kwenye miwani. Hatukuongea tena. Tulipofika mahali ambapo nyaya zimeachana kupita urefu wa watu wawili, tukaanguka kama kila mtu anavyoanguka, mikononi mwa vijana wa kompyuta. Hakuna anayefika mwisho. Uwanja mzima, hicho ndicho kitu pekee kisicho na mshindi.

Msomaji asinidhanie kwamba nasimulia mapatano. Tuliporudi kazini faili yangu ya kwanza ilikataliwa. Tofauti ni kwamba badala ya kuirusha kwenye trei alikuja nayo mwenyewe, akasimama mlangoni pangu na kuzitaja kasoro zake zote kwa sauti, wateja wakisikia.

Mchana ulikuwa wa mambo ya juu. Meneja alivaa mkanda wa kwanza na kutangaza kwamba leo hakuna atakayebaki chini. Walioajiriwa pamoja watapanda pamoja. Ilipigiwa makofi na wale waliokuwa wamekwisha amua kupanda. Mwezeshaji alimsubiri amalize. "Bosi, hapa kupanda ni hiari," akasema, kwa heshima lakini mbele yetu sote. "Mtu akisema miguu yake inaishia ngazi ya pili, basi ngazi ya pili ndiyo kilele chake. Na atakayebaki chini ana kazi ya kushika kamba." Sharti hilo la hiari ni urithi wa wale wa Massachusetts, na nadhani ni busara kubwa kuliko kamba zenyewe. Meneja alicheka. Kijana mmoja wa kompyuta, aliyekuwa amepauka tangu asubuhi, akaketi.

Kulikuwa na ngazi ya magogo mazito yaliyoning'inizwa kwa nyaya, kila gogo mbali zaidi na lililo chini yake, kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kufika bila mwenzake kumpa goti au bega. Kwa kila anayepanda kuna kamba inayopita juu kabisa na kurudi chini, na chini kundi la watu wamejifunga kwenye kamba hiyo, wanarudi nyuma hatua moja kila mpandaji anapopanda, ili isilegee. Hapo Ami, akiwa amerudishiwa sauti yake, alikuwa mahali pake; alishika kamba ya meneja na hakuongea kabisa. Meneja alikwama gogo la kati. Alikumbatia lile gogo kwa muda mrefu, miguu ikimtetemeka, tukimpa ushauri wa kila aina. Alishushwa taratibu, akashangiliwa, akasema ni mkono ulioteleza.

Ilikuwa furaha ya kweli na siidharau. Nami nilipanda, na niliuona Mlima Kenya kati ya mawingu, na moyo ulinidunda kwa namna ambayo haijanidunda tangu ujana. Lakini nilipotazama kundi letu la WhatsApp usiku ule, picha zote zilikuwa za juu. Ya nyaya mbili haikuwepo hata moja. Kambi hizi huuza urefu kwa sababu urefu ndio unaopigika picha, na ofisi hununua urefu kwa sababu ndio unaoingia kwenye ripoti. Sijapata kuona ofisi iliyosambaratika kwa sababu wahasibu wake wanaogopa kimo. Huko juu mtu hujijua mwenyewe. Mambo ya nusu mita ndiyo yanayotoa siri ya kundi: nani huamrisha, nani hungojwa, nani hubebwa.

Ratiba ilikuwa na saa nzima ya kuzungumza baada ya michezo. Mpango wa mwanzo nadhani ulikuwa wa dhati. Lakini nyama ilikuwa imeiva, didjei alikuwa ameanza kujaribu spika, na meneja akapendekeza tuseme asante twende zetu. Ukitaka kujua kama kambi imekuja kufanya kazi au kuchukua hela, angalia kinachotokea hapo. Binti alikataa. Akaomba robo saa, akatukalisha duara, akatoa kipande cha kamba cha urefu wa mkono: anayekishika ndiye anayesema, wengine wanasikiliza. Alikuwa na karatasi kubwa yenye zile hatua nne za kundi alizoziandika Bruce Tuckman mwaka 1965, tangu kukutana hadi kufanya kazi vizuri, zikipitia ugomvi katikati, akaibandika mtini lakini, kwa bahati njema, hakuisoma.

Wa kwanza walisema yanayosemwa. Tumejifunza umoja. Tumejifunza kuaminiana. Mwenzetu wa Garsen alisema kambi iko mahali pazuri. Kipande cha kamba kikamfikia yule dada wa kaunta.

Alikizungusha vidoleni kidogo. "Asubuhi mlinibeba," akasema. "Mlinibeba vizuri, hakuna aliyenishika vibaya, nashukuru. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nataka kubebwa. Mlinitazama tu mkaona ni mwepesi." Akanyamaza, tukadhani amemaliza. "Na kazini ni vivyo hivyo. Nimehamishwa matawi mara tatu kwa sababu sina mume wala mtoto. Napata barua Ijumaa, Jumatatu niko Kwale. Ni mwepesi kubebeka."

Akakipitisha kipande cha kamba kwa aliyefuata, ambaye alikitazama asijue akifanye nini. Harufu ya nyama ilikuwa imetufikia. Ami aliguna tu. Meneja alitoa simu, nikadhani anatazama saa, kumbe alikuwa anaandika. Robo saa ikaisha, muziki ukaanza, tukala na kucheza hadi umeme wa jenereta ukazimwa, na dada yule alicheza kuliko wengi.

Ripoti ya safari ilisema kwamba wafanyakazi wote walishiriki kikamilifu na kwamba ari imepanda. Ilikuwa na picha sita, zote za juu. Mwaka ujao tutarudi Diani, kura zimeshapigwa, na hotuba ya Ami kuhusu chumvi ndiyo iliyowashawishi waliokuwa hawajaamua. Lakini mwezi uliofuata ilitoka barua ya uhamisho isiyofanana na zilizoitangulia. Ilikuwa fupi, ina makosa mawili ya tahajia, na ilimuuliza yule dada kama angependa kwenda tawi la Malindi. Aliandika chini yake hapana, akatia sahihi, akairudisha.